Nundu au wa ambari: nyangumi yupi wa kumfuata Unguja na Pemba

Mwezi wa Julai ukiingia, kusi likiwa limeshakaa, maswali ya nyangumi huanza. Familia ya mjini imeona picha ya nyangumi karuka nje ya maji na watoto hawalali. Mwanafunzi kapewa kazi ya skuli aandike juu ya mnyama mmoja wa bahari. Kijana wa kusini ana boti ya mashine na anataka kujua aongeze safari gani kwenye ubao wake wa bei. Wote wanauliza "nyangumi", kana kwamba nyangumi ni mmoja. Bahari ya Hindi ina nyangumi wa namna nyingi, lakini kwa anayetaka kuchagua akiwa visiwani kwetu, mashindano ya kweli ni ya wawili. Yupo nundu, anayekuja kuzaa na kulea kwenye maji ya joto na kuonekana hata na mtu aliyesimama ufukweni. Yupo na yule wa ambari (lile donge la manukato litokalo utumboni mwake), mzamiaji mkubwa, ambaye kichwa peke yake ni thuluthi ya mwili, na ambaye anaweza kupita chini ya mashua yako usijue kama kuna kitu kimepita.

Niseme mapema ninakoegemea. Wa kwenda kumtazama ni nundu. Wa kumsoma, kumsikiliza na kumwandikia ni wa ambari. Anayelipa pesa ili amwone wa ambari kutoka Unguja ananunua matumaini, na mwanafunzi anayemkimbilia nundu kwa sababu tu picha zake ni rahisi kupatikana anaacha kisa kikubwa zaidi, tena kisa chenye mizizi hapa hapa kwetu.

Anza na kina cha maji

Wengi wakichagua huanza na mnyama. Mimi naanza na chini ya bahari, kwa sababu ndiyo inayoamua. Mkondo wa Unguja, baina ya kisiwa na bara, ni maji mafupi, mita makumi tu. Zama za barafu, bahari iliposhuka, Unguja ilikuwa imeshikana na bara. Pemba haiko hivyo. Baina yake na pwani ya Tanga chini kumekatika, na mkondo una kina cha karibu mita 800 pahali penye kina zaidi. Ndiyo maana wavuvi wa samaki wakubwa wa maji ya mbali huufuata Mkondo wa Pemba, na ndiyo maana wapigambizi wa mitungi huusifu kwa miamba yake inayokwenda chini wima.

Nundu anaridhika na maji mafupi. Mama mwenye mtoto hasa huyapenda, kwa kuwa bahari hutulia na maadui ni wachache. Kwa hiyo kumkuta kusini mwa Unguja, upande wa Kizimkazi na Ghuba ya Menai, si ajabu. Wa ambari anataka ngisi wa kilindini, na ngisi hao hawaji Menai. Ukisikia mtu wa Kizimkazi anakuahidi nyangumi wa ambari kabla ya chai ya saa nne, shika pesa yako. Kwa Pemba walau kina kipo, na anayetoka Makangale au Mkoani hana haja ya kwenda mbali sana kukifikia. Hilo halina maana kwamba mnyama yupo akikungojea.

Namna ya kuwatambua wakiibuka

Nundu ana urefu wa mita 12 hadi 16, na jike humzidi dume. Mapezi yake ya ubavuni ndiyo yanayomtaja: ni marefu mno, yanakaribia thuluthi ya mwili, na akiyapiga juu ya maji mshindo husikika mbali. Mgongoni ana pezi dogo lililokaa juu ya nundu. Pua zake ni tundu mbili, kwa hiyo mvuke anaoutoa huenda juu ukiwa mpana na mfupi. Chini ya mkia kuna madoa meusi na meupe ambayo kila mmoja ana yake, na watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa kuupiga picha mkia unapoinuliwa. Mtu mwenye simu nzuri na bahati anaweza kurudi na picha yenye faida kwao.

Wa ambari hana madaha hayo. Dume aliyekomaa hufika mita 16 na zaidi kidogo, jike ni kama mita 11 tu, tofauti ambayo huioni kwa nyangumi wengine wakubwa. Ngozi nyuma ya kichwa imekunjamana. Akipumzika juu ya maji hukaa kimya kama gogo, na dawa ya kumjua ni mvuke: tundu la pua ni moja, liko mbele kabisa ya kichwa upande wa kushoto, na mvuke hutoka umelala mbele na kushoto, haupandi wima. Ukiona mvuke umeinama hivyo hata siku isiyo na upepo, hapana haja ya kubishana.

Halafu kuna mkia. Wote wawili huuinua wanapozama kweli, na hapo ndipo safari ya mtazamaji inapoachana njia. Mkia wa nundu ukishuka, tazama saa: dakika tano, kumi, kumi na tano, atarudi, na aghlabu hatakuwa mbali. Mkia wa wa ambari ukishuka, mtangoja dakika 40 au 50 mkiyumba juu ya mawimbi, na anaweza kuibuka pahali msipopaangalia. Kwa mtu mzima mwenye subira hilo ni sawa. Kwa watoto wanaotapika ni adhabu.

Huko chini

Hapa sitawapa wote wawili nafasi sawa, kwa sababu hawastahiki sawa. Nundu kwa kawaida hashuki zaidi ya mita 200, na akikaa sana chini hufika nusu saa. Kwa maisha yake inamtosha. Wa ambari hushuka mita 400 hadi 1,000 kama kazi ya kila siku, hupanda akapumua dakika nane au kumi, kisha hushuka tena, mchana na usiku. Mkondo wa Pemba wote, hadi mchanga wake wa mwisho, uko ndani ya kina alichokizoea. Akiamua huvuka mita 2,000 na kukaa zaidi ya saa nzima.

Watu hudhani siri yake ni mapafu makubwa. Kinyume chake, huko chini mapafu yenye hewa ni hatari. Kila mita kumi za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa anga yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita 1,000 mwili unabanwa zaidi ya mara mia kuliko ulivyobanwa juu. Hewa ikibakia kwenye mapafu chini ya mgandamizo huo, naitrojeni yake huingia katika damu, nayo ndiyo inayowalemaza wapigambizi wa mitungi wanaopanda kwa pupa. Kifua cha nyangumi huyu kimeumbwa kikunjike. Mbavu husogea, mapafu husinyaa, na hewa kidogo iliyobaki husukumwa kwenye njia ambazo damu haiwezi kuinyonya. Oksijeni ameshaihifadhi kwengine: kwenye damu, ambayo ni nyingi sana kwa mwili wake, na kwenye nyama yenyewe, kwa protini inayoitwa mayoglobini. Imejaa kiasi cha kuifanya nyama yake iwe nyekundu ya kuelekea weusi. Akianza kushuka, mapigo ya moyo hupungua, na damu hupelekwa zaidi kwenye ubongo na moyo huku viungo vyengine vikipewa kidogo.

Ubongo huo wenyewe ni mkubwa kuliko wa kiumbe chochote kinachojulikana, karibu kilo nane. Lakini haukujaza kichwa. Sehemu kubwa ya kichwa ni chombo cha mafuta laini yanayoganda kama nta yakipoa, na kwa dume mkubwa mafuta hayo huzidi lita elfu moja. Zamani palikuwa na mjadala mkubwa juu ya kazi yake, wengine wakisema ni ya kumsaidia kuzama na kuelea. Siku hizi wanasayansi wengi wanakubaliana kwamba kazi yake kuu ni sauti. Na usingizi nao ni wa peke yake: mwaka 2008 watafiti waliandika juu ya kundi la nyangumi hawa waliolala wima, karibu na uso wa maji, kwa vipindi vya dakika kumi hadi kumi na tano. Nyangumi wima, wamesimama wote kimya. Ningetoa mengi nione hilo, ila najua kwamba kutoka Pemba sitaliona kwa kupanga.

Nyimbo na vidoko

Ikiwa unachagua kwa masikio, uamuzi unakuwa mgumu kidogo, na ndipo ninapopenda zaidi ulinganisho huu.

Nundu huimba. Waimbaji ni madume, na huimba zaidi kwenye maji ya joto wakati wa kutafuta majike. Wimbo mmoja huchukua dakika kumi hadi ishirini, kisha huurudia kwa masaa. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, wote wakiufuata. Anayezamisha kichwa wakati wa msimu, dume likiwa si mbali, anaweza kuusikia kwa masikio matupu. Hiyo ni burudani ambayo haina gharama.

Wa ambari hupiga vidoko. Si vya kubembeleza. Ni sauti kali kuliko ya mnyama yeyote aliyewahi kupimwa, ikifika desibeli 230 kwa kipimo cha majini. Kidoko huanzia puani, hupita ndani ya yale mafuta, hugonga mfuko wa hewa ulio mbele ya fuvu na kurudi kutoka mbele kimekusanywa kama mwale. Huko anakowinda mwanga haufiki, kwa hiyo husikiliza mwangwi na kwa huo hujua ngisi yuko wapi. Hupiga kwa mwendo wa kawaida, kimoja kwa karibu kila sekunde, na akimkaribia ngisi huviharakisha hadi vinashikana vikawa mkwaruzo mmoja, halafu kimya. Kimya hicho huenda kikawa ni mlo.

Mbali na vidoko vya kuwinda kuna vya mazungumzo, vinavyopigwa kwa mpangilio maalumu, mfano viwili vya polepole na vitatu vya haraka. Koo mbalimbali za nyangumi hawa zina mpangilio wao, hata zinapoishi bahari moja. Mpemba na Mmakunduchi hutambuana kwa maneno matatu. Hawa nao hujua nani wa kwao kwa vidoko vitano. Watoto hujifunza kwa wakubwa, hawazaliwi navyo vimekamilika.

Hapa pana jambo la manufaa kwa mwenye chombo Pemba. Vidoko hivi husikika chini ya maji kwa kilomita kadhaa, na watafiti duniani humtafuta mnyama huyu kwa maikrofoni ya majini kabla ya kumtafuta kwa macho. Nikiwa na pesa za kununua kifaa kimoja tu kwa safari ya Mkondo wa Pemba, sinunui darubini. Nanunua maikrofoni na waya wake mrefu. Msipomwona, huenda mkamsikia, na abiria aliyesikia vidoko vikitoka chini ya kilindi hatadai nauli irudi.

Chakula, kwa ufupi

Wa ambari hula ngisi, wakiwemo wale wakubwa wa kilindini wanaomwachia makovu kichwani, na samaki pia. Dume kubwa linaweza kula karibu tani moja kwa siku. Nundu hula uduvi na samaki wadogo, akiwachuja kwa mabamba yaliyopangana mdomoni badala ya meno, lakini akiwa kwetu huwa anafunga. Chakula chake amekiacha bahari ya kusini, karibu na barafu ya Antaktika, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka hapa. Mama anayenyonyesha kusini mwa Unguja anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini. Kila mara boti inapomkimbiza anayatumia, na hana pa kuyalipa mpaka arudi kusini. Nahodha anayesema "wanakula hapa" ama hajui au anauza maneno.

Mama, mtoto, na madume yasiyokuwepo

Ndama wa nundu hubebwa tumboni karibu mwaka mmoja, huzaliwa akiwa na urefu wa kama mita nne, na huachana na mama akiwa na umri wa mwaka hivi. Mama huzaa kwa kawaida kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mtakachokiona Menai basi ni wawili, mama na mtoto, pengine na dume linalowafuata kwa sababu zake.

Nyangumi wa ambari wana ukoo. Majike hukaa pamoja maisha yao yote, bibi, mama, binti na mashangazi, kundi la kumi au zaidi kidogo. Mimba ni miezi 14 hadi 16, mtoto hunyonya miaka miwili na wakati mwengine zaidi, na mama huenda akakaa miaka minne hadi sita kabla ya kuzaa tena. Kuna tabu moja: mtoto mchanga hawezi kumfuata mama hadi mita 800. Majike wa kundi hupishana kuzama, ili juu abakie mtu mzima karibu na watoto. Wakivamiwa na orka, wale pomboo wakubwa wawindaji, hujipanga duara, watoto katikati. Dume likishabaleghe huondoka, huenda mbali kuelekea maji ya baridi ya ncha za dunia, na hurudi kwenye joto kutafuta majike baada ya miaka mingi.

Kwa hiyo, anayetarajia kukutana kwenye latitudo zetu na lile dume kubwa la picha za vitabuni apunguze hamu. Uwezekano mkubwa ni majike na watoto. Binafsi naona hilo ni bora zaidi. Dume ni ukubwa tu. Maisha yenyewe, kulea na kusemezana, yako kwa majike.

Kalenda

Nundu ana msimu: Julai hadi Oktoba, Agosti na Septemba zikiwa ndizo nzito. Tatizo ni kwamba Julai na sehemu ya Agosti kusi bado lina nguvu, na bahari ya kusini mwa Unguja si ya mchezo kwa boti ndogo. Ningempeleka mwanangu Septemba, demani ikianza kutulia, na ningetoka alfajiri kabla ya upepo wa mchana. Wa ambari hana msimu wa kuandika ukutani. Majike hubakia maji ya joto mwaka mzima na kuhamahama kwa kufuata ngisi. Anayetaka kumtafuta na achague bahari shwari, mwisho wa demani hadi kaskazi halijapamba moto, kwa ajili ya kuona mvuke na kushusha maikrofoni, si kwa sababu mnyama ana miadi.

Kisa cha ambari

Kwa mwanafunzi, au kwa mtembeza wageni anayetaka neno la kusema wakati bahari haina kitu, huyu anashinda bila ushindani.

Ngisi wana midomo migumu isiyosagika. Ndani ya utumbo wa baadhi ya nyangumi hawa, wachache sana, midomo hiyo hukusanyika ikazungukwa na uchafu wa mafuta, na donge likatoka baharini. Likiwa jipya hunuka kinyesi. Likielea miezi na miaka kwenye jua na chumvi hubadilika likawa la kijivujivu, jepesi, lenye harufu tamu ya kukaa, na watengeneza manukato wakaligombea kwa kuwa hushikilia harufu isipotee. Hiyo ndiyo ambari, jirani wa udi na miski. Al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10 na kukitaja kisiwa cha Kanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanakiona kuwa Pemba, aliandika kwamba ambari bora ni ya visiwa na pwani ya bahari ya Zanj, jina la zamani la pwani hii. Yaani nyangumi huyu aliwatajirisha watu wa pwani yetu kabla ya wengi wao kumwona. Alikuwa kilindini, na biashara yake ilikuwa inatupwa ufukweni.

Baadaye walikuja wanaomtaka mwenyewe. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 konseli wa Marekani alikuwa ameshakaa Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Marekani, walifuata pembe na sandarusi, lakini bandarini zilitia nanga pia meli za kuvua nyangumi zilizokuwa zikizunguka Bahari ya Hindi, zikitafuta maji, chakula na mabaharia. Mwandishi J. Ross Browne alifika Unguja miaka ya 1840 kwa meli ya namna hiyo. Kilichowaleta ni yale mafuta ya kichwani, yaliyotengenezewa mishumaa iliyong'aa bila moshi mwingi. Nundu alikuja kuandamwa zaidi karne ya 20, kwa meli za injini na mizinga, na kituo kikubwa upande wetu wa bahari kilikuwa Durban, kilichofanya kazi kuanzia 1908 hadi 1975.

Uvuvi huo umekatazwa. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, na marufuku ya biashara ya nyangumi duniani ilianza kufanya kazi mwaka 1986. Nundu amerudi vizuri, na kwa jumla hahesabiwi tena kuwa hatarini. Wa ambari bado amewekwa kwenye kundi la walio hatarini, na ukikumbuka mama anayezaa mara moja kwa miaka minne hadi sita, huhitaji profesa akueleze kwa nini anachelewa. Hatari za leo ni nyengine: meli, plastiki inayomezwa, na nyavu. Jarife linanasa pomboo kila mara, na nundu nao hunaswa. Hilo ni la kwetu, halikuletwa na Mmarekani.

Na yule wa tatu

Watu wa mitandao hupenda rekodi, na rekodi si ya wa ambari. Ni ya nyangumi wa Cuvier, mwenye mdomo uliochongoka, urefu wa mita tano hadi saba tu. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba mmoja aliyefungwa kifaa alishuka mita 2,992, na mwaka 2020 ikatangazwa kwamba mwengine alikaa chini dakika 222. Kama shindano ni kina, ameshinda. Kama unataka kumwona, muache: haruki, hukaa juu ya maji dakika chache, na huzikimbia meli. Mwanafunzi anaweza kumpa aya moja.

Basi chukua nani

Familia yenye watoto, na mgeni mwenye siku mbili tu kisiwani: nundu, Septemba, kusini mwa Unguja. Hata mkimkosa, pomboo wapo mwaka mzima na siku haitapotea.

Mwenye boti anayeandika ubao wa bei: aandike nundu kwa msimu wake na asiandike wa ambari kabisa. Safari ya Mkondo wa Pemba iuzwe kama safari ya bahari kuu, ya kusikiliza na kutazama chochote kitakachopita, ndege, pomboo wa mbali, samaki wakubwa. Wa ambari akitokea iwe ziada. Ahadi isiyotimia huvunja biashara haraka kuliko bei kubwa.

Mwenye pesa na ndoto moja tu, ya kumwona wa ambari kwa macho yake: aende Morisi, pwani ya magharibi, ambako kuna makundi yanayojulikana na kufuatiliwa na watafiti. Nasema hivyo nikiwa na mapenzi yote ya Pemba.

Mwanafunzi: wa ambari, na aanze na ambari yenyewe. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapa Zanzibar na imewahi kufanya tafiti nyingi za pomboo na nyangumi wa maji yetu, kwa hiyo maswali yake yana pa kupelekwa.

Mpigambizi au mvuvi wa Pemba mwenye mashua na siku za kutosha: wote wawili. Huyo peke yake ndiye asiyelazimika kuchagua, mradi anunue ile maikrofoni.

Na yeyote aliyechagua nundu, kabla hajalipa amuulize nahodha maswali machache. Atazima au kupunguza mashine akiwa umbali gani? Jibu lisipungue mita 100. Atawajia kwa ubavu au kwa mbele? Kwa mbele ni kuwazibia njia. Zikiwepo boti nyengine mbili au tatu, atangoja zamu au atajisukuma? Kizimkazi imeshathibitika kwa utafiti kwamba boti zikizidi pomboo hupungukiwa na mapumziko, na mama wa nundu anayeishi kwa akiba ana cha kupoteza zaidi. Mwisho, muulize kama mtaruka majini pamoja na mama na mtoto. Akijibu ndiyo, tena kwa fahari, mshukuru na utafute boti nyengine.